Dolomiti au Uswisi: uende wapi kama kundi lenu lina waendesha baiskeli na watembeaji

Watu wengi wakipanga safari ya milima ya Alpi wanamwachia yule aliye fiti kuliko wote ndo achague, maana yeye ndo mwenye hamu, yeye ndo ameshaangalia video zote na anajua kila kona, na mi naona hapo ndo safari nyingi zinaharibikia. Kule juu siku inaamuliwa na anayechoka wa kwanza. Akichoka yeye wote mnasimama, akipigwa na baridi yeye wote mnashuka. Kwa hiyo ulinganisho huu naufanya kwa kumwangalia huyo, awe mke wako ambaye baiskeli anaipenda ila si kila siku, awe shemeji aliyekuja kutembea tu, awe mzee wenu anayetaka kufika juu aone na anywe chai.

Sehemu ni mbili. Ya kwanza ni Dolomiti, kaskazini mashariki mwa Italia, hasa yale mapito manne yanayouzunguka mlima wa Sella. Ya pili ni Uswisi ya katikati, kwenye mapito ya Furka, Grimsel na Susten pamoja na jirani yao Gotthard. Nikisema pito namaanisha pale barabara au njia inapofika juu kabisa katikati ya vilele kabla haijaanza kushukia bonde la upande wa pili. Zote mbili ni nzuri sana, hilo halina ubishi, ila hazifanani hata kidogo kwa namna zinavyokutumia mwili, muda na pesa.

Kwa baiskeli

Dolomiti wana mzunguko unaoitwa Sella Ronda, na kwa maoni yangu hakuna sehemu nyingine kwenye Alpi inayomfaa zaidi mtu anayeonja milima mirefu kwa mara ya kwanza. Ni kama kilomita 55, na jumla ya kupanda ni karibu mita 1,700, unapita mapito manne na unarudi palepale ulipolala. Ukianzia kijiji cha Corvara ukazunguka kwa mwelekeo wa mshale wa saa unaanza na Campolongo, mita 1,875, kupanda kwake ni kilomita 5.8 tu kwa wastani wa asilimia 6, yaani miguu inaamka bila kuumia. Unateremka Arabba, hapo unakuta Pordoi, mita 2,239, kilomita 9.2 zenye kona 33, na kona zenyewe zina vibao vya namba kwa hiyo unajua kabisa umebakiza ngapi. Juu ya Pordoi kuna mnara wa kumbukumbu ya Fausto Coppi, yule bingwa wa baiskeli wa Italia wa miaka ya 40 na 50, na utakuta watu wamepanga foleni kupiga picha na baiskeli zao. Unashuka kuelekea mji wa Canazei, hufiki mjini, unakata kulia kwenye njia panda na kuanza pito la Sella lenyewe, kilomita 5.5 kwa karibu asilimia 8, na hiki ndo kipande kigumu cha siku nzima kwa sababu ni mwinuko halafu miguu imeshatumika. Ukilimaliza hilo, la nne, Gardena, mita 2,121, linakuja pole pole kwa asilimia 4 na kitu, halafu ni mteremko mrefu mpaka Corvara.

Angalia hesabu ilivyo hapo. Hamna mpando hata mmoja unaofika kilomita 10. Kila juu kuna mgahawa au hoteli, chini kuna vijiji, kwa hiyo yule wetu anayechoka haraka ana mahali pa kupumzika kila baada ya saa moja hivi, na akisema basi imetosha pale Arabba kuna mabasi wakati wa kiangazi. Baiskeli za umeme za kukodi zipo karibu kila kijiji na hakuna anayemshangaa mtu kwa kuipanda. Mi nashauri kabisa, kama kuna tofauti kubwa ya nguvu kati yenu chukueni moja ya umeme kwa asiye na mazoezi, mtapanda pamoja mkiongea badala ya mmoja kumsubiri mwenzake juu akitetemeka kwa upepo.

Na kwa yule mwenye miguu ya chuma asiseme ameonewa, kuna pito la Giau. Kutokea upande wa Selva di Cadore ni kilomita 9.9 kwa wastani wa asilimia 9.3, kona 29, mpaka mita 2,236, na wastani huo haudanganyi maana hakuna sehemu tambarare ya kukupa nafuu. Aende alfajiri peke yake, arudi mchana akiwa ametulia.

Uswisi ni habari nyingine. Mzunguko wa Furka, Grimsel na Susten ni kama kilomita 120 na kupanda zaidi ya mita 3,000 kwa siku moja. Grimsel ukitokea Innertkirchen ni kilomita 26 hivi za kupanda, unatoka mita 600 na kidogo mpaka mita 2,164, na kwa mtu wa kawaida hizo ni saa mbili mpaka tatu za kukanyaga pedali bila kushuka popote pa maana. Susten kutoka Wassen ni kama kilomita 18 na kupanda karibu mita 1,300. Furka yenyewe inafika mita 2,429. Na kama hayo hayatoshi kuna Nufenen pembeni, mita 2,478, kutokea Ulrichen ni kilomita 13 kwa zaidi ya asilimia 8. Hapa mtu anahitaji gia nyepesi kweli kweli, meno 34 mbele na 32 au 34 nyuma, na awe ameshafanya mazoezi ya miezi.

Ila ukubwa wake, jamani. Kuna sehemu inaitwa Gletsch, kijiji kidogo sana kwenye mita 1,759, ukisimama pale unaona barabara ya Grimsel imejikunja ukutani upande mmoja na ya Furka imejikunja upande wa pili, zote kwa pamoja, na magari juu kule yanaonekana kama punje, halafu chini ya miguu yako unapita mto Rhône ukiwa bado mtoto, maji ya kijivu yenye vumbi la mawe, yametoka kwenye barafu iliyo juu kidogo tu. Dolomiti hawana kitu cha ukubwa huo. Dolomiti unaona mlima mmoja mmoja ukikusimamia mbele kama ukuta, Uswisi unaona bonde zima na unajijua wewe ni mdogo kiasi gani.

Gotthard pia ni ya kipekee. Upande wa kusini, ukitokea Airolo, barabara ya zamani inaitwa Tremola na imetandikwa mawe ya kuchonga, siyo lami, na ile sehemu maarufu ina kona 24 zilizopangwa moja juu ya nyingine. Magari karibu yote yanapita kwenye barabara mpya au ndani ya tunneli, kwa hiyo ya zamani imebaki kwa ajili yako. Kuipanda ni raha, mawe yanakutikisa kidogo lakini mwendo ni mdogo. Kuiteremka mi siipendi, mikono inakufa ganzi na mvua ikinyesha mawe yanateleza, kwa hiyo panda kusini teremkia kaskazini.

Halafu kuna siri ambayo watu wanaotafuta majina makubwa hawaiangalii, Grosse Scheidegg, kati ya Meiringen na Grindelwald. Ina mita 1,962, na sehemu ya juu magari ya watu binafsi hayaruhusiwi, wanapita mabasi ya njano ya posta na baiskeli basi. Ni ngumu, ina sehemu zenye mwinuko mkali, lakini mtu anayeogopa magari atapumua huku, upande mmoja ana ukuta wa mlima Wetterhorn na akishaanza kushuka anauona mlima Eiger. Kama nyie mmechagua Uswisi na mna mtu mwoga wa barabara, anzeni na hii.

Kuhusu magari niseme wazi, Dolomiti mwezi wa 8 ni shida. Tarehe 15 Agosti Italia nzima iko likizo na ule mzunguko wa Sella unajaa magari, mabasi na pikipiki mpaka unavuta moshi njia nzima. Uswisi nako wikiendi ya jua pikipiki ni nyingi. Dawa ni kuondoka saa 12 asubuhi, au kwenda Dolomiti siku wanapofunga barabara, kuna siku inaitwa Sellaronda Bike Day ambayo kwa kawaida hufanyika Juni na nyingine Septemba, mzunguko wote ni wa baiskeli kwa saa kadhaa. Watoto wapo, wazee wapo, watu wa kila aina. Kama tarehe zako zinaruhusu panga safari yote kuizunguka siku hiyo.

Kwa miguu

Hapa mambo yanageuka kidogo. Kwenye baiskeli Dolomiti wanashinda kwa mtu wa kawaida, kwenye kutembea inategemea kundi lenu linataka nini.

Dolomiti, mtembeaji anapata mandhari ya juu bila kuiteseka miguu, kwa sababu magari ya waya, yale yanayoning'inia kwenye kebo, yapo mengi. Pale pale kwenye pito la Pordoi kuna gari la waya linakupeleka Sass Pordoi, mita 2,950, kwa dakika chache, na kutokea hapo mtu mwenye afya na viatu vizuri anaweza kufika kilele cha Piz Boè, mita 3,152, akarudi siku hiyo hiyo. Kwa yule asiyetaka vilele kuna njia ya Viel del Pan, inaanzia Pordoi na kwenda mpaka ziwa la Fedaia, saa tatu hivi, haipandi sana, na muda wote upande wa pili unaitazama Marmolada, mita 3,343, mlima mrefu kuliko yote ya Dolomiti. Hii ndo njia ninayowapa watu kwanza. Wenye baiskeli wanazunguka Sella, watembeaji wanapita Viel del Pan, na jioni wote meza moja Arabba, hakuna aliyemsubiri mwenzake.

Na lile jiwe lenyewe. Mtu wa Lamu au Unguja akiligusa atalijua, kwa sababu sehemu kubwa ya milima hii ni matumbawe na viumbe vya bahari ya joto ya zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita, iliyoinuliwa mpaka juu huko. Ni jeupe la kijivu mchana, na jua likizama linageuka rangi ya waridi mpaka zambarau, watu wa pale wanatoka nje kuliangalia ingawa wameliona maisha yao yote. UNESCO waliiweka Dolomiti kwenye urithi wa dunia mwaka 2009 na ukifika utaona kwa nini.

Kuna jambo jingine ambalo Uswisi hawana, nalo ni vita. Kati ya 1915 na 1917 wanajeshi wa Italia na wa Austria walipigana juu ya hivi vilele, walichimba mahandaki ndani ya mwamba, na pale Lagazuoi, juu ya pito la Falzarego, unaweza kupanda kwa gari la waya halafu kushuka kwa miguu ndani ya handaki lenyewe. Vaa kofia ngumu na beba tochi, ngazi zina giza, maji yanadondoka, kuna vidirisha walivyokuwa wanapigia risasi na ukichungulia unaona bonde kule chini. Kaka zake mtu, watoto wa miaka 19, walikaa humo majira ya baridi mazima. Nenda taratibu, soma vibao.

Uswisi kwa upande wao wanashinda kwenye mpangilio, na kwa mtu asiye na uzoefu wa milima mpangilio ndo usalama. Nchi ina kama kilomita 65,000 za njia za miguu zenye alama. Kibao cha njano ni njia ya kawaida ambayo mtu yeyote anapita. Alama ya nyeupe-nyekundu-nyeupe ni njia ya mlimani, uwe na viatu vya kushika na usiwe na kizunguzungu. Nyeupe-bluu-nyeupe ni ya wazoefu, geuka. Na vibao vinaandika muda badala ya umbali, saa 1 dakika 40, kitu kama hicho, ni muda wa kutembea bila mapumziko. Mgeni akishajua hayo matatu anaweza kutembea peke yake bila mwongozaji. Dolomiti nako kuna alama nyekundu na nyeupe zenye namba, ziko vizuri, ila unatakiwa uwe na ramani maana njia yenye namba inaweza kuwa bustani au inaweza kuwa ngazi za chuma ukutani.

Njia ninayoipenda Uswisi ni ile ya chemchemi nne, Vier-Quellen-Weg, kilomita 85 kwa siku tano kuzunguka Gotthard. Inagusa vyanzo vya mito minne, Rhine, Reuss, Rhône na Ticino. Fikiria, mvua ikinyesha juu ya mlima mmoja, tone moja linaenda Bahari ya Kaskazini, jingine Mediterania kupitia Ufaransa, jingine linaingia mto Po mpaka bahari ya Adria. Huna siku tano? Panda treni mpaka kituo cha Oberalp, treni inakufikisha juu ya pito kabisa, zaidi ya mita 2,000, unatembea kama saa mbili mpaka ziwa Tomasee ambako ndo wanahesabu mto Rhine unaanzia. Hii hata mzee mwenye magoti ya wastani anaifanya akienda pole.

Upande wa Furka, kwenye ile hoteli ya zamani ya Belvédère iliyofungwa, unaweza kuuona mto wa barafu wa Rhône kwa karibu. Kiangazi wanaufunika sehemu kwa mashuka meupe kupunguza kuyeyuka. Unayaona yale mashuka yamechanika na kuchafuka juu ya barafu ya bluu na moyo unauma kweli. Karne moja na nusu iliyopita barafu hiyo ilikuwa inashuka mpaka karibu na Gletsch kule chini. Kwetu tunaiona Kilimanjaro inapungua, huku nako ni hivyo hivyo. Kama ni kitu unataka watoto wako wakione, kitangulize.

Hali ya hewa na kimo

Barabara za Furka, Grimsel na Susten zinafungwa msimu wa theluji, kwa kawaida zinafunguka kuanzia mwishoni mwa Mei mpaka Juni na kufungwa tena Oktoba au Novemba. Za Sella mara nyingi wanazisafisha mwaka mzima kwa ajili ya watu wa ski, lakini kwa baiskeli na miguu msimu ni ule ule, katikati ya Juni mpaka mwisho wa Septemba. Mi nachagua nusu ya kwanza ya Septemba bila kufikiri mara mbili, radi zimepungua na watu wameondoka.

Radi za mchana ni za kuheshimu kote kuwili. Saa 8 mchana uwe umeshavuka pito la mwisho. Na joto nalo limekuwa hatari mpya, Julai 3, 2022 kipande cha barafu cha Marmolada kilimeguka kikaua watu 11, kwa hiyo wakifunga njia usiulize mara mbili.

Kimo: anayeishi Iten au Eldoret hatahisi chochote, wa Iten analala juu kuliko mapito mengi ya hapa. Anayetoka Dar, Mombasa au Muscat ajipe siku mbili za kutembea chini kidogo kwanza. Wote bebeni jaketi la upepo na glavu hata kama bondeni ni nyuzi 28, kwa sababu kwenye mteremko wa kilomita 20 ukiwa na jasho mwili unapoa fasta na vidole vikikataa kuminya breki hiyo ni ajali.

Pesa na usafiri

Uswisi ni ghali, tusizungukezunguke. Kahawa peke yake inaweza kufika faranga 5 na chakula cha jioni cha watu wawili kinaumiza. Unaokoa kwa kununua supamaketi, kwa maji ya bure ya visima vya vijijini ambayo ni safi kabisa, na kwa kadi ya nusu nauli. Ila huhitaji gari hata kidogo. Kutoka Zurich unafika Andermatt kwa treni kama saa mbili, baiskeli inapanda nayo kwa tiketi yake, na basi la posta linapita juu ya mapito yenyewe kiangazi. Yule wetu aliyechoka anapanda basi na kukusubiri chini, ila nafasi ya baiskeli kwenye basi inabidi ulipie na kuweka mapema.

Dolomiti chakula ni rahisi zaidi na kwa kweli ni kitamu zaidi, canederli (madonge ya mkate) kwenye supu, polenta (kama ugali wa mahindi), strudel ya tufaa. Nyumba za wapanda milima zinaitwa rifugio, unalala chumba cha wengi na kupewa chakula cha jioni, na za maarufu zinajaa miezi kabla. Treni haifiki Corvara wala Arabba, unashukia Bolzano au Brunico na kumalizia kwa basi. Mahali kwingi pa kulala upande wa Tirol Kusini, mkoa wenye Corvara, wanakupa kadi ya mgeni ya kupanda mabasi bure, uliza kabla hujalipia chumba. Na majina yako mawili au matatu, Gardena ni Gröden kwa Kijerumani na Gherdëina kwa Kiladini, lugha ya wenyeji wa mabonde hayo, kwa hiyo kibao kikikuchanganya usidhani umepotea.

Viza ni moja kwa zote mbili, Uswisi wako ndani ya Schengen ingawa hawamo Umoja wa Ulaya. Omba kwenye ubalozi wa nchi utakayolala siku nyingi zaidi.

Na Stelvio je, lile pito maarufu la Italia, maana wapo watakaouliza. Mita 2,757, kilomita 24 na kona 48 kutokea Prato, imejengwa 1820 mpaka 1825 na injinia Carlo Donegani, namba za kona zinapungua kadiri unavyopanda mpaka 1. Ni ya yule mwenye miguu ya chuma. Mpe siku yake akaifanye, msisafirishe familia nzima kwa ajili ya barabara moja.

Kwa hiyo kama ni mara ya kwanza na mko mchanganyiko, chagueni Dolomiti, lala Corvara au Arabba usiku minne, siku ya kwanza Campolongo tu kupima miguu, ya pili Viel del Pan wote kwa pamoja, ya tatu Sella Ronda kwa wa baiskeli na Lagazuoi kwa wa miguu, ya nne ibaki wazi kwa mvua au kwa Giau. Kama wengi wenu ni watembeaji na hakuna anayetaka kuendesha gari, chagueni Uswisi, lala Andermatt, anzeni na Oberalp na Tomasee, halafu basi la posta mpaka Furka kuiona barafu. Na kama wote mna mazoezi na mmeshapanda mapando ya saa mbili mkafurahi, hapo nendeni Grimsel moja kwa moja, mkianzia Innertkirchen kabla jua halijaingia bondeni.